Mtaa wa Kwanza Kukauka

Kulikuwa na wakati ambapo hapakuwa na mwenye nyumba hata mmoja katika jiji lile aliyekuwa tayari kumpangisha Mama Zamu. Si kwamba alikuwa mgomvi. Kodi alilipa kabla hajaulizwa, redio yake haikuvuka ukuta, na mumewe alikuwa dobi, mtu wa sabuni na pasi, jirani ambaye yeyote mwenye shati lenye doa angemwomba Mungu ampe. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alifanya kazi Idara ya Maji, katika chumba cha kupanga mgao, na kila kiangazi kilipokaza, mtaa aliokaa yeye ndio uliokatiwa maji kabla ya mitaa mingine yote. Habari kama hiyo haihitaji gazeti. Akifika mahali kuulizia vyumba, mwenye nyumba anamtazama usoni, anamtambua, anaanza kukohoa.

"Kile chumba, dada yangu, kimeshachukuliwa."

Na kibao cha "chumba kipo" bado kinaning'inia mlangoni.

Kwa hiyo walibaki palepale, yeye na dobi wake, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua, kwenye mtaa mfupi unaopanda kilima nyuma ya karakana ya magari. Watoto wao wawili walizaliwa hapo, wakakulia hapo, wakaolewa na kwenda zao. Leo Mama Zamu amestaafu, goti la kushoto linamsumbua, na akiulizwa ni miaka ipi ya maisha yake angependa irudi, hasemi ile ya mvua nyingi. Anasema ile ya ukame. Watu hudhani anatania, wanacheka naye, na yeye anawaacha wacheke.

Jambo lenyewe lilianza na mkuu wake wa kwanza wa kazi, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Masika. Jina hilo alilipata kwa sababu vikao vya ukame aliviitisha wakati mvua inanyesha. Wenzake wakikimbilia dirishani kutazama barabara inavyogeuka mto, yeye anafungua mafaili ya kiangazi. Paa la bati linapigwa mpaka msemaji hasikiki, na Bwana Masika anapaza sauti juu ya mvua: "Haya, tuseme bwawa limekauka. Tunaanza na nani?" Vijana walijificha nyuma ya makaratasi wakicheka. Mama Zamu, aliyekuwa mgeni kazini, naye alicheka, mpaka alipokiona kiangazi chake cha kwanza.

Jiji lilikuwa na bwawa moja, huko vilimani, na ndani yake palisimama nguzo ya zege iliyopakwa rangi: kijani juu, njano katikati, nyekundu chini. Maji yakishuka yakaingia kwenye njano, hatua ya kwanza inaanza. Hakuna kuosha magari, hakuna kumwagilia majani ya bustani, na mafundi wanatoka kusaka mabomba yanayovuja, kwa sababu, alivyosema Bwana Masika, kumnyima mtu maji huku ya kwako yanamwagika barabarani ni kukosa adabu. Yakishuka zaidi, mgao unaanza. Yakigusa nyekundu, malori ya maji yanapangwa viwanjani, visima vya zamani vinafunguliwa na kusafishwa, na wakubwa wote wa jiji wanaanza kuongea kwa upole. Hospitali haikatiwi kamwe. Waoka mikate wana saa zao. Iliyobaki ni mitaa, na mitaa ndiyo iliyokuwa kazi ya Mama Zamu: nani apate leo, nani kesho, nani angoje kwanza.

Watu wengi hufikiri kugawa maji ni hesabu. Hesabu ipo, sikatai, lakini hesabu haijawahi kumgongea mtu mlango jioni. Ni watu wanaogonga. Mwenye hoteli anatuma salamu ambazo hajawahi kukutumia. Shemeji mliyepotezana anakumbuka ghafla kwamba nyinyi ni damu moja. Mwalimu aliyekufundisha darasa la pili anakuja kukuuliza hali, na kabla ya kuaga anataja, kwa bahati tu, jina la mtaa wake. Mama Zamu aliwakaribisha wote, akawapa chai, na hakuna aliyeondoka na kitu kingine zaidi ya chai.

Hata hivyo maneno yalisemwa. Ndipo siku moja, mvua ikiwa juu ya bati kama kawaida, Bwana Masika akaweka kalamu chini.

"Wahenga walishasema, mwamba ngoma huvutia kwake," alisema. "Na waamba ngoma ni sisi. Hata tukigawa kwa haki namna gani, watu watasema tumejivutia. Kwa hiyo kuanzia mwaka huu, anayepanga zamu, mtaa wake unakatwa wa kwanza. Na ratiba itasomwa kwa sauti, uani, mbele ya wote, kuanzia juu."

"Na wako, mkuu?" aliuliza dereva mmoja aliyekuwa hana simile.

"Wangu unafuata."

Kila mtu akamgeukia Mama Zamu. Yeye alikuwa anafikiria mabeseni ya mume wake.

Basi ikawa desturi ya ofisi ile. Asubuhi ya mgao kuanza, watu wote walikusanyika uani: mafundi wa kufunga valvu wakiwa na vyuma vyao mabegani, madereva, wafagizi, mpika chai. Mama Zamu anasimama juu ya ngazi na karatasi yake, anakohoa kidogo, anasoma mtaa wa kwanza, na mtaa wa kwanza ni wake. Hapakuwa na makofi. Fundi mkuu alitikisa kichwa tu, akachukua chuma chake akaenda kuufunga. Lakini alipofika mitaa mingine, na watu wakitoka milangoni kumtupia maneno, fundi huyo alikuwa na jibu: "Nenda kamuulize aliyepanga kama kwake yanatoka." Ugomvi uliishia hapo, mara nyingi.

Mitaa mingine iliona ni uungwana mkubwa. Mtaa wake mwenyewe haukuona hivyo, na ni haki yao, kwa sababu valvu haijui nyumba ya mtu mmoja. Ukiifunga, umefunga mtaa mzima. Kiangazi cha pili cha desturi ile, ujumbe wa majirani ulifika nyumbani kwa Mama Zamu siku ya mapumziko, wamevaa vizuri, mashati yamepigwa pasi na yule yule dobi. Aliyewaongoza ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi.

"Mama Zamu," alianza, "sisi tunakupenda."

"Ahsanteni."

"Tena tunakupenda sana. Ndiyo maana tumekuja kukuomba uhame."

Dobi alikuwa anapiga pasi suruali pembeni. Alilazimika kuiweka pasi kando asije akaunguza nguo ya watu, alivyokuwa anacheka.

"Mizigo tutaibeba wenyewe," kinyozi aliendelea, uso hauna utani hata kidogo. "Hutanyanyua hata mwiko."

"Nihamie wapi, ndugu yangu?"

Wajumbe wakatazamana. Hilo hawakuwa wamelijadili. Mmoja, kwa sauti ya chini, akataja mtaa wanakokaa wakwe zake kinyozi, na hapo kicheko kikawa cha watu wote, kinyozi mwenyewe akiwemo. Lakini kabla hawajaondoka alisimama mlangoni akasema jambo ambalo Mama Zamu hakulisahau.

"Utani kando. Heshima unapata wewe, ndoo tunabeba sisi."

Alijua ni kweli. Alichokuwa nacho ni kazi yake, akaileta mtaani. Tangu mwaka ule, mvua zikianza tu, alipita nyumba hadi nyumba kama Bwana Masika wa kike, akiuliza nani ana mfereji wa bati na nani hana, pipa la nani limetoboka, nani ana mgonjwa ndani. Watu walimwona mwenda wazimu, mwavuli mkononi, anazungumzia kiu. Walifunga mifereji hivyo hivyo. Mapipa yakawekwa kwenye kila kona ya ukuta, yakafunikwa. Wakapanga nani atateka kwa ajili ya yule bibi wa nyumba ya mwisho asiyeweza kuinama. Ukame uliofuata, mtaa ule ulikatiwa wa kwanza na ukawa wa mwisho kulalamika. Hata watu wa mitaa mingine walikuja kutazama mapipa, na kinyozi akawatembeza akieleza kila kitu kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Hiyo ndiyo miaka anayoitamani. Anaikumbuka asubuhi ile ya kwanza ya kukatika, bomba la uani linapotoa sauti ya kukauka na watoto wanashangilia, kwa sababu sasa watakwenda na ndoo hadi kituo cha maji cha chini na kurudi wamelowa. Anakumbuka foleni, na maneno ya foleni, maana hakuna mahali watu wanapojuana kama kwenye foleni ya maji. Hapo alijua nani mjamzito kabla mume wake hajajua. Hapo walipatana majirani wawili waliokuwa hawajasalimiana tangu ugomvi wa ukuta, kwa kuwa mmoja aliishiwa pumzi na mwingine akajikuta amemshikia ndoo. Watu walizungumza. Kiangazi kikali, vumbi hadi kwenye meno, na bado anasema hajawahi kuishi karibu na watu kama alivyoishi wakati ule.

Na dobi wake. Dobi ndiye aliyeumia zaidi kuliko wote, na ndiye aliyelia kidogo kuliko wote. Biashara yake ilikuwa palepale nyumbani: mabeseni uani, kamba tatu za kuanikia, meza ya pasi chumba cha mbele. Kiangazi aliyafanya maji yatumike kama mtumishi asiye na likizo. Maji ya kusuuzia nguo nyeupe yakawa ya kufulia za rangi, ya rangi yakawa ya ovaroli za mafundi wa karakana, ya ovaroli yakawa ya kudekia, na yaliyobaki, meusi kama chai iliyosahaulika jikoni, yakamwagwa kwenye vumbi la mbele ya mlango lisitimke. "Haya maji," alikuwa akisema, "yakifika kaburini yatakuwa yamechoka." Wateja walimpenda. Mteja wake mkubwa alikuwa nyumba ya wageni ya karibu na stendi, iliyomletea mashuka kila baada ya siku chache, na mashuka hayo ndiyo yaliyosomesha wale watoto wawili.

Kisha ukaja ule ukame ambao mpaka leo watu wa jiji wakisema "ule mwaka," huna haja ya kuuliza mwaka gani. Mvua za kwanza hazikuja. Za pili zilikuja zikaondoka bila kuaga. Maji ya bwawa yakaipita njano, yakaigusa nyekundu, na chini ya nguzo pakaonekana tope ambalo hakuna mfanyakazi aliyekuwa amewahi kuliona. Bwana Masika alikuwa ameshastaafu, lakini desturi yake ilibaki. Mgao wa mwaka ule haukuwa wa saa, ulikuwa wa siku. Mtaa wa kwanza kwenye ratiba ungekaa siku nyingi sana bila tone, na ungekuwa wa kwanza kila mzunguko unapoanza upya.

Alasiri moja ya mapumziko Mama Zamu alikuwa ameitandaza ramani ya mabomba kwenye meza ya pasi, maana ofisini joto lilikuwa halivumiliki. Dobi akaingia akifuta mikono kwa kitambaa, akasimama mlangoni. Nyumba ya wageni ilikuwa imemwambia: akikosa maji mwezi huu, mashuka yanakwenda kwingine. Mama Zamu alilijua hilo. Walikuwa wamelizungumza wakati wa chakula, bila kulimaliza.

"Mke wangu," alisema, "haiwezekani mwaka huu tukawa wa pili tu? Siyo wa mwisho. Wa pili."

"Haiwezekani," alijibu. Alijibu haraka mno, kama mtu aliyekuwa akijizoeza.

Dobi alikunja kile kitambaa, akakikunjua.

"Hamna neno," alisema, akatoka uani.

Mara alipobaki peke yake, Mama Zamu alichukua kifutio akaufuta mtaa wake. Hakuandika mwingine. Aliketi na kalamu mkononi, anautazama mlango. Alikuwa ameshaamua, na hili hajawahi kumwambia mtu: dobi akirudi akaomba mara ya pili, hata kwa nusu ya sauti, ataandika mtaa mwingine juu na wao watakuwa wa pili, na lolote litakalosemwa lisemwe. Alitaka arudi. Alimngoja kama mtu anavyongoja kusukumwa kidogo tu. Jua likashuka, chumba kikaanza giza, na dobi hakuingia. Mwishowe akaandika mtaa wake mahali pake, akakunja ramani.

Kesho yake aliusoma uani, wa kwanza. Kabla ya mwezi kwisha mashuka yalikwenda kwingine. Dobi alifunga biashara, akayageuza mabeseni kifudifudi, akaenda ng'ambo ya pili ya jiji kufua kwa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Aliondoka asubuhi na mapema, alirudi jioni akinuka sabuni ya mtu mwingine, na alikuwa mchangamfu vilevile. Mvua ziliporudi alifungua tena, lakini nyumba ya wageni ilikuwa imeshanunua mashine. Akabaki dobi wa mashati ya majirani mpaka uzee.

Mama Zamu hakuwahi kumuuliza kulikuwa na nini ndani ya ile "hamna neno." Kidonda kisichoonekana huogopi kukitazama, unaogopa kukigusa. Alimtazama alivyocheka na kinyozi, alivyobeba wajukuu mgongoni, akasema moyoni, huyu amesamehe. Siku nyingine akimwona ameduwaa mbele ya mabeseni, alisema, hapana, huyu amenyamaza tu. Ilikuwa hivyo miaka yote.

Mwaka huu mvua zimekuwa chache tena. Juma lililopita alikuja kuwatembelea binti aliyerithi kiti cha Mama Zamu ofisini, ambaye Mama Zamu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuisoma ramani. Alikuja mchana, na mkate mkononi.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Bwawa liko wapi?"

"Njano, mama. Inaelekea pabaya. Mgao unaanza wiki ijayo." Alikaa, akapokea chai, akaanza kuizungusha kikombeni. "Nimekuja nikuambie kabla hujasikia kwingine. Mtaa huu hautakuwa wa kwanza tena. Utakuwa miongoni mwa wa mwisho kabisa."

Mama Zamu aliusogeza mkate pembeni.

"Kuna zahanati pale juu sasa," binti aliendelea. "Na wazee ni wengi mtaani, mnaijua wenyewe hali. Tumepanga upya kwa kuangalia nani anaumia zaidi akikosa. Na kila mtaa utabandikiwa ratiba pamoja na sababu zake, mtu asome mwenyewe kwa nini."

"Na desturi ya Bwana Masika?"

"Tumeiacha, mama. Mimi nakaa ghorofani, bomba letu ni moja na la shule ya watoto wadogo. Nikijikata mimi, nimewakata wale watoto kwa ajili ya sifa yangu. Si haki."

Hakusema kwa ubaya. Alisema sawasawa na kinyozi alivyosema siku ile mlangoni, isipokuwa yeye alikuwa amepata njia ya kulijibu. Mama Zamu alimwambia ni vizuri, wamefikiri vizuri, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikaa jikoni bila kuwasha moto. Yalikuwa mambo mazuri kweli, na yalimkata maini. Maana kama jiji lingeweza kupangwa kwa namna nyingine, na watu wakaamini, na dunia isianguke, basi biashara ya dobi ilikufa bure. Na aliyeiua ni yeye, kwa kalamu yake, kwa ajili ya mila ya ofisi ambayo sasa inatupwa kirahisi kama maganda.

Asubuhi ya kuanza kwa mgao aliamka mapema, akavaa gauni lake la kazini, akavaa na vile viatu vyeusi vya kamba alivyokuwa akivaa siku za kusoma ratiba. Alitaka kuwahi ofisini. Dobi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa uani, anakunywa chai. Nyuma yake bomba lilikuwa linatoa maji kwenye beseni, laini, bila kukohoa, na mitaa ya chini ilikuwa imeshakauka tangu alfajiri.

"Unakwenda wapi na viatu vya mshahara?"

"Ofisini."

"Umestaafu, Mama Zamu."

"Nakwenda kuwaambia waturudishe juu kwenye ratiba."

Dobi aliinuka polepole, akafunga bomba, akarudi kukaa. Akamsogezea nafasi kwenye ngazi. Yeye hakukaa.

"Kwa nini?" dobi aliuliza.

Mama Zamu alikuwa na maneno mengi ya kwenda kumwambia yule binti, ya haki na ya mfano mwema, na yote hayakumtoka. Likatoka lile lingine.

"Ulikasirika?"

"Lini?"

"Unajua lini."

Dobi alitazama kikombe chake. Alikuwa mzee sasa, vidole vimepinda, kucha zimelainishwa na maji ya maisha yake yote.

"Nilikasirika," alisema. "Nilikasirika sana. Kila asubuhi nikivuka jiji kwenda kufua kwa yule kijana, nilikuwa nakusema njia nzima. Nikifika sokoni nimeshakumaliza, naanza upya."

Ilimchoma. Ajabu ni kwamba pia alisikia mwili ukilegea, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa wake.

"Mbona hukuniambia? Ulisema hamna neno."

"Ningesema nini tena? Nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Jioni ile. Nilipita dirishani na kapu la nguo. Nikaona umefuta. Umekaa na kalamu, macho mlangoni." Alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Mke wangu, mimi nakujua. Nikajua nikiingia mle ndani, hata kama nimefuata kiberiti tu, utaandika."

Mama Zamu alishika fremu ya mlango.

"Ningeandika," alisema. "Nilikuwa nakungoja uje uniombe."

"Ndiyo maana sikuja. Nilikwenda kwa kinyozi nikakaa mpaka taa zikawashwa. Alininyoa mara mbili, hata hakikubaki kitu cha kunyoa."

Akakumbuka. Alikumbuka kichwa kile kinang'aa siku ile mezani, na yeye akidhani ni kwa sababu ya joto. Miaka yote hiyo alijiona amesimama peke yake juu ya ile ngazi ya ofisi, amejinyima na kumnyima mume wake, mwanamke mgumu asiyeyumba. Na kumbe aliyumba. Kumbe kulikuwa na mtu aliyemwona akiyumba, akakaa kwenye kiti cha kinyozi akiwa na hasira zake, ili yeye asianguke.

"Lakini biashara yako," alisema. "Mashuka. Si ulijua yatakwenda?"

"Nilijua." Dobi alimaliza chai yake, akakiweka kikombe sakafuni. "Biashara ni beseni na sabuni. Nyingine nilijua nitafungua, ndogo au kubwa. Wewe ungesoma ule mtaa mwingine mbele ya watu wale, ungerudi hapa jioni, na nisingekupata tena vilevile."

Mama Zamu aliketi. Goti lilimuuma kukunja, akalikunja hivyo hivyo, akainama akaanza kufungua kamba za viatu. Kamba zilikuwa zimekaza na macho yake yalikuwa yameshajaa, hayaoni fundo. Dobi akausogeza mguu wa mkewe mapajani mwake, akakifungua kiatu cha kwanza, kisha cha pili, akaviweka pembeni juani. Barabarani walishaanza kusikika watu wa mitaa ya chini, wanapanda kilima na ndoo.

"Fungua lango," alisema Mama Zamu, "waingie wachote."